Gari Jeupe Mahali pa Tantine

Papa,

Gari jeupe la kaka yangu mkubwa, yaya Serge, linalala mahali pa Tantine, chini ya paa la mabati ulilolijenga kwa mikono yako. Nimetaka ulijue hilo kwanza, kabla ya habari za Mama na za shule, kwa sababu ndilo ninaloliona kila asubuhi nikifungua dirisha, na kila asubuhi linaniuma upya.

Ninakuandikia kwa Kiswahili cha vitabu, kile ulichokuwa ukikicheka. "Prof anaongea sawa redio," uliwaambia wageni ukinionyesha kwa kidole, nami nikakimbilia jikoni. Kile chetu cha Lubumbashi nakizungumza na kila mtu, lakini nikishika kalamu mkono wangu unakwenda wenyewe kwenye lugha ya vitabu vya parokia. Nivumilie. Kwa sauti nisingeweza kukuambia hata nusu ya haya.

Mama hajambo. Amepungua mwili, na bado anasonga bukari ya watu wengi kuliko tuliobaki, halafu anaitazama sufuria kama imemdanganya. Jumapili anakwenda misa ya kwanza. Anarudi ndani ya gari la Serge, kioo kimefungwa, na akishuka anasema ndani ya gari lile kuna baridi nzuri sawa kanisani. Alikuwa akisema hivyo hata mbele ya Tantine. Najua gari halina masikio. Lakini wewe ndiye uliyenifundisha kumwita Tantine, kama shangazi, na kumwambia asubuhi njema, kwa hiyo usinicheke.

Sasa sikia jambo la ajabu. Ulipokuwa hai, nilimwonea Tantine wivu. Pick-up ile ya kijani ilikuwa kubwa kuliko mimi kwa umri, kubwa hata kuliko Serge. Ulikuwa umeichukua kwa mapadri walipopata magari mapya, na ulikuwa ukisema walikupa binti yao. Kila asubuhi, kabla hujasalimia mtu, ulitoka kwenda kumwasha. Hata siku usiyokuwa na safari. Uliweka kiganja juu ya kapo, pale juu ya injini, kama mtu anayepima homa ya mtoto, ukainamisha kichwa, ukasikiliza. "Leo anakohoa," ulisema, na uso wako ukawa na wasiwasi ambao mimi sikuwahi kuupata. Nilipokohoa mimi, aliyesikia ni Mama.

Shangazi Odette naye aliliona hilo, lakini yeye ana kinywa. Unakumbuka alivyokusimamia pale mlangoni mikono kiunoni? "Sasa kaka, tantine gani njo unapenda sana, miye ao ile ya mazutu?" Nawe, chini ya gari lako la dizeli, ukajibu bila kutoka: "Ile ya mazutu haiombake sabuni." Lupango lote, nyumba na ua, likacheka. Mimi nilicheka pia, na ndani yangu nilikuwa nasema: na mimi? Mimi niko wapi katika hesabu hiyo?

Wa pili niliyemwonea wivu ni Serge. Ulimfundisha kuendesha kwenye njia ya Kipushi siku za Jumapili. Mimi nilikuwa mdogo, nimekaa kati yenu, na mliongea juu ya kichwa changu kama ninyi ni watu wazima wawili nami ni mfuko wa unga. Ukampeleka safari zako za Kasomeno, unga ukienda, samaki wa Kasenga wakirudi, na mkirudi mlikuwa na harufu moja na vichekesho ambavyo havikuwa na maana kwa mtu mwingine. Alipopata kazi Kipushi akaacha kusafiri nawe, nikafikiri sasa zamu yangu imefika. Nilikuomba. Likizo moja, na nyingine, na nyingine tena. "Weye soma. Kasomeno haitakimbia." Nilisoma, Papa. Nimekuwa wa kwanza darasani. Kasomeno haikukimbia. Aliyekimbia ni wewe.

Nisamehe. Nimefuta sentensi hiyo, kisha nikairudisha.

Tulipotoka kukuzika, Baba Mukubwa alikaa kwenye kiti chako, akaongea mbele ya ukoo wote. Unaijua sauti ya kaka yako, haipandi wala haishuki. "Bintu ya marehemu, mutu asiguse mpaka tutatosha kilio." Ni desturi yenu, naijua: vitu vyako vifungwe mpaka siku ya kuondoa kilio. Nguo zako zikaingia kwenye sanduku, saa yako, redio yako, kofia yako ya njiani. Baiskeli ikatundikwa ukutani. Na ufunguo wa Tantine ukafungwa kitambaani, ukaingia sandukuni pamoja na vingine. Baba Mukubwa akarudi Kasomeno.

Tantine akanyamaza. Wiki ya kwanza nilidhani nitalala vizuri, kwa kuwa miaka yote nimekuwa nikilalamika kwamba ananiamsha. Nilikuwa naamka saa ileile, nasikiliza, hakuna kitu, nalala macho wazi. Nilimwuliza Mama kama hatuwezi kumwomba mtu amwashe kidogo Jumapili. Nilikuwa nimesoma katika kitabu cha ufundi pale maktaba ya parokia kwamba injini ikikaa sana, mazutu yake yanashika maji na mipira inakauka. Mama akanitazama kama nimetaka kuvaa suruali yako. "Baba yako mukubwa alisema." Basi.

Ndipo gari jeupe likaja. Serge, aliyekuwa amerudi kuishi nasi baada ya mazishi, alilileta na vumbi la mpakani bado mwilini mwake. Si jipya la kiwandani, lilitembea kidogo huko lilikotoka, lakini kwetu hapa ni jipya. Lilihitaji paa. Kukawa na kikao cha simu na Baba Mukubwa: je, kumwondoa Tantine mahali pake si kumgusa? Baba Mukubwa akafikiri siku nzima, akapiga tena: "Kusukuma haiko kuendesha." Vijana wa avenue wakamsukuma hadi ukutani, pembeni ya choo, juani. Halafu mvua za kwanza zikamkuta pale.

Mwalimu wetu wa fizikia anasema mtu asilinganishe vitu viwili akiwa tayari amechagua mshindi. Basi nimejitahidi. Gari jeupe linawaka kwa mzunguko mmoja wa ufunguo, hata asubuhi za baridi ambazo wewe ulikuwa unambembeleza Tantine hadi mvuke unatoka kinywani mwako. Halitoi moshi. Linakunywa kidogo. Serge alipokwenda semina mbali likakaa muda mrefu bila mtu, na aliporudi likaitika mara moja, kana kwamba halikuona tofauti kati ya kuwa naye na kutokuwa naye. Hilo ndilo lililonichukiza zaidi. Tantine alikuhitaji. Gari hili halimhitaji mtu.

Lakini siku moja taa ndogo ya njano ikawaka mbele ya usukani, na gari likapoteza nguvu, likawa linatambaa. Serge akafungua kapo. Ndani hakuna cha kuona, ni kifuniko cheusi cha plastiki tu. Mafundi wa avenue yetu wakaja mmoja mmoja, wakainama, wakatazama, wakafunga polepole, jinsi watu wanavyofunga kitabu cha Kilatini. Wakasema inatakiwa mashine ya kusoma ugonjwa, na mwenye mashine, huko mjini, alikuwa amesafiri. Serge akapanda basi kwenda kazini, viatu vyake vya ngozi mkononi kwa sababu ya matope. Nilimtazama kutoka dirishani. Nilifurahi mpaka nikaogopa furaha yangu.

Jioni nikamwambia, kwa upole, unajua ninavyosema mambo, nikitazama sahani: Papa asingekwama hivyo. Papa tangi lilipotoboka njiani alilisugulia sabuni ya mche, likafika nyumbani. Serge akameza tonge, akasema: "Prof, mutokari ya kupona na sabuni iko mugonjwa tu." Mama akacheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu uondoke, na alimpa Serge kicheko hicho, si mimi.

Basi siku ya kuondoa kilio ikafika. Misa asubuhi, kisha watu wakajaa lupango, masufuria, viti vya kukodi, shangazi Odette akiamuru kila mtu hata padri. Baba Mukubwa alikuwa amefika na basi la Kasomeno, koti limebaki na mikunjo ya safari. Tukakaa, akafungua sanduku. Kila kitu alikiinua kwanza watu wakione. Mashati yako yakaenda kwa wadogo zako. Saa ikaenda kwa mtoto wa shangazi. Kofia ya njiani akaibakiza mwenyewe, akaivaa palepale, na watu wakainamisha vichwa kwa sababu kwa nyuma alikuwa wewe.

Akainua redio. Akanitafuta kwa macho. "Huyu anaongea sawa redio, njo tumupe redio." Watu wakacheka vizuri, bila ubaya. Nilipokea kwa mikono miwili, nikapiga goti kama inavyotakiwa. Nilijua kitu kilichobaki sandukuni, na nilijua ni cha nani.

"Serge."

Akampa ufunguo. Katika kitambaa.

Nilitaka wewe, Papa, uwe umeacha neno. Neno moja tu, kwamba hata mimi nishike ufunguo ule siku moja moja. Hukuacha. Ulidhani utarudi kutoka hospitali. Sisi sote tulidhani hivyo.

Serge akaenda ukutani na watu wote nyuma yake. Akaingia, akazungusha. Hakuna. Hata ule mlio mdogo wa batri inayokufa haukusikika. Akazungusha tena. Shangazi Odette akapiga makofi mara moja: "Huyu njo mujane wa kweli. Mama yenu analia, anapumuzika, anakunywa maji. Huyu alijifunga kabisa." Watu wakacheka, mpaka Mama. Serge akashuka, akajipangusa mikono ingawa haikuwa imeshika kitu. Akasema bila hasira kwamba amejaribu, kwamba mambo ya zamani yana mwisho, kwamba kuna watu wa vyuma chakavu wanaweza kuja Jumatatu, na lupango litapata nafasi.

Ndipo nikasikia mtu anasema, na alikuwa mimi.

"Hakukufa mwenyewe. Sisi ndio tulimnyamazisha."

Papa, nilisikia mafuta yakichemka jikoni. Baba Mukubwa akageuka taratibu. "Mutoto anasema nini?" Nilikuwa nimeikumbatia redio kifuani kama ngao, na nilisema nikiitazama kofia yako kichwani mwake. Nilisema wewe ulimwasha kila asubuhi, siku ya safari na siku isiyo ya safari, na hiyo ndiyo ilikuwa dawa yake. Nilisema gari jeupe linaweza kukaa kwa sababu limefungwa kila mahali. Tantine ni wa mipira na mabomba, akikaa hewa inaingia, maji yanaingia. Nilisema tumemheshimu Papa kwa kumfanyia Tantine jambo ambalo Papa hakumfanyia hata siku moja. Nilisema kabla ya kuwaita watu wa vyuma, ajaribiwe.

Nilingoja kofi, au kicheko. Baba Mukubwa aliigusa kofia yako kichwani. Nadhani alikuwa anarudi nyuma, siku ile kwenye kiti chako, akisikia maneno yake mwenyewe. Halafu akasema: "Serge, vua shati."

Serge akavua shati lake la sherehe, akalitundika kwenye kioo cha Tantine. Na sasa naja kwenye sehemu ngumu kuandika.

Akainama juu ya injini, akaweka kiganja. Akainamisha kichwa upande uleule. Hakukuwa na kitu cha kusikiliza, injini ilikuwa kimya, lakini alisikiliza. Akachomoa kibomba, akamwaga maji yaliyokuwa chini ya chujio, akanusa kidole, akakipangusia ndani ya mfuko wa suruali, si nje, ndani, kama wewe, jambo ambalo Mama alikugombeza nalo maisha yote. Mikono ile ilikuwa yako. Nilisimama na redio yangu nikamwonea wivu mpaka meno yakaniuma. Mimi nina pua yako, na watu wanasema nina ukaidi wako. Yeye ana mikono.

"Prof, njoo. Pampu hii, polepole, mpaka nikuambie."

Nikaweka redio chini, nikapiga pampu ya mkono. Yeye akalegeza nati za mabomba kwa spana namba kumi na saba, povu likatoka, likatoka tena, kisha mazutu safi bila povu. "Basi." Akakaza. Batri ilikuwa imekufa kweli, kwa hiyo akalisogeza gari jeupe, akaunganisha nyaya. Ndiyo, Papa. Lile jeupe lilimpa Tantine nguvu yake, pua kwa pua, na sikupenda hata kidogo, lakini nilishika nyaya zisiguse chuma.

Akawaka. Kwanza alitikisika kama mtu aliyeamshwa kwa maji, akatoa wingu jeusi lililopita juu ya sahani zote, shangazi Odette akawafunika kuku kwa kitenge chake mwenyewe huku akimtukana. Halafu sauti ikatulia. Ile sauti. Mama alitoka kati ya wanawake, akaja akasimama mlangoni, akashika fremu ya mlango. Baba Mukubwa akavua kofia.

Kwa muda ule mfupi nilikuwa nimeshinda. Nilimtazama Serge ili alione hilo usoni mwangu. Lakini hakuwa ananitazama. Kuna kitu kilikuwa kinagonga chini, si injini, mgongano mdogo wa chuma juu ya chuma, naye alilala chini na suruali yake ya sherehe, akaingia kifua kizima. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka uso wake ulikuwa umebadilika. Akazima injini.

"Prof, kuja uone. Weye peke."

Nikaingia chini ya gari lako kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Serge alinionyesha kwa kidole. Shasi, ule mfupa mrefu unaobeba kila kitu, ulikuwa umepasuka pande zote mbili nyuma ya kibanda cha dereva. Si jana. Kulikuwa na maungio ya kuchomelea juu ya maungio mengine, vipande vya chuma cha kitanda, kile kitanda changu cha utotoni, bado na rangi ya buluu. Na juu ya vyote hivyo ufa ulikuwa umefunguka tena, upana wa kidole. Serge alikuwa anaongea kwa sauti ya chini. Alisema siku zake, alipokuwa akisafiri nawe, ufa huu haukuwapo. Alisema mtu anayebeba unga juu ya shasi kama hii, kwenye mashimo ya njia ya Kasomeno, anajua kila safari inaweza kuwa ile ambayo gari litakatika katikati. "Papa alijua," akasema. "Angalia. Papa njo alichomelea."

Nikahesabu kichwani. Chuma cha kitanda changu. Kitanda kile kilitoka chumbani nilipopewa cha Serge, alipohamia Kipushi. Yaani wakati uleule nilipoanza kukuomba unichukue, nawe ukaanza kuniambia nisome.

Sijui, Papa. Labda ulitaka kweli nisome. Labda hukutaka mtoto wa kike njiani kati ya madereva. Labda ulijua ufa ule, na ukajipeleka mwenyewe kila wiki, na mimi hukunipeleka. Hukusema, na sasa hakuna wa kuulizwa. Nimechagua kuamini la mwisho. Ninaliamini kwa nguvu zote, kwa sababu kama ni hivyo basi miaka ile yote niliyomwonea wivu Tantine, wewe ulikuwa unanificha asinidhuru. Nililia pale chini, mazutu yakinidondokea shingoni, na Serge akajifanya anakagua breki.

Tulipotoka, Serge akawaambia wakubwa ukweli. Injini ni nzima, itatuzika sote. Mwili umekwisha. Kuna aliyesema achomelewe tena, Serge akakataa, na alikataa kwa sauti ambayo hata Baba Mukubwa hakuipinga. Nami sikupinga. Nilikuwa na maneno mengi ya kutetea magari ya zamani, niliyapanga miezi mizima, na sikutumia hata moja.

Baba Mukubwa ndiye aliyepata njia. Kinu chao cha mahindi kule Kasomeno kilikuwa kimesimama: injini yake, nyepesi, mpya, yenye rangi ya kung'aa, haikumaliza hata misimu miwili. Akamtazama Serge mwenye ufunguo, na Serge akanitazama mimi. Aliniangalia na kungoja, Papa, mbele ya watu. Nikatikisa kichwa kukubali. Kwa hiyo Tantine alifunguliwa. Injini ikapanda lori la unga, ikaenda njia yake ya siku zote ikiwa mgongoni mwa wengine. Mwili wake watu wa vyuma walikuja kuuchukua. Sikukaa kuona. Nilikwenda maktaba, nikafungua kitabu, nikatazama ukurasa mmoja hadi maktaba ikafungwa.

Kuna jambo jingine la haki ambalo lazima niliandike. Wiki chache baadaye Serge alinipeleka shule mvua ikinyesha sana. Pikipiki ikakatiza mbele yetu, mtu na mtoto mgongoni. Serge akakanyaga breki. Gari jeupe likasimama, moja kwa moja, bila kuteleza, kama limefungwa kamba kwa nyuma. Mtoto yule akageuka akanitazama kupitia kioo, kisha wakaenda zao. Nilijua, na Serge alijua, kwamba Tantine asingesimama. Uliwahi kumsimamisha kwa kuanza kukanyaga toka kanisani ili asimame sokoni. Nilikasirika kwamba limefanya vizuri, nikamshukuru Mungu kwamba limefanya vizuri, yote mawili mpaka kwenye geti la shule.

Noeli tulikwenda Kasomeno. Mwishowe nimeiona. Ni kijiji cha kando ya njia, maduka, malori, vumbi jekundu kwenye majani. Kinu kiko nyuma ya nyumba ya Baba Mukubwa. Nilisikia kabla hatujashuka. Wanawake walikuwa wamepanga foleni na mabeseni ya mahindi, wakipiga kelele ili wasikilizane, na mmoja akamwambia mwenzake kwamba moteur hii, injini ya sasa, ni ya watu, haichoki, ile mpya ilikuwa ya kujipamba tu. Kijana anayeiendesha aliipiga kofi ubavuni akicheka. Kofi, kama ng'ombe. Nilitaka kumwambia atoe mkono. Wanaisikia kila siku, Papa, watoto wa pale wanalala mchana kwa sauti yake na hata hawajui wanasikia nini. Nimewaonea wivu watu wa kijiji kizima.

Serge alisimama karibu yangu. Akaniuliza kama nataka kuikagua mafuta. Nikasema sijui. Ni kweli, sijui. Nimesoma jinsi ya kukagua, sijawahi kukagua. Akanionyesha mara moja, akachomoa kijiti, akakipangusa, unajua wapi.

Basi nakuaga, Papa. Lala vizuri huko uliko, usiamke mapema, hakuna wa kumwasha. Siwezi kukuahidi kwamba nitaacha kuwa na wivu, nimejaribu, haitoki. Nakuahidi kitu kingine. Nitajifunza kuendesha, na nitajifunzia katika gari jeupe, na mwalimu wangu atakuwa Serge. Na kila kitu ulichomfundisha nitamwomba anifundishe, kimoja kimoja, njia na mkono na jinsi ya kusikiliza, nitamchosha kwa maswali, sitamwacha, mpaka siku ile ambayo hatakuwa na Papa mwingi kuliko mimi.

Binti yako,
Mireille